Mke wa Asiyesali

Wengi wetu pale machimboni hatukulijua jina lake la ubatizo. Tulimwita Nyundo, naye aliitika. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Alikaa chini ya turubai lililotoboka, miguu kaitandaza, jiwe kubwa bapa mbele yake kama meza, akiponda kokoto tangu jua halijapata ukali. Ukimtania kwamba mumewe ana bahati kama hajaonja mkono ule, alijibu, "Nani kakwambia hajauonja?" Tukacheka wote, maana tulijua katika nyumba ile hapajawahi kuinuliwa hata ufagio.

Kipigo alikijua kwao. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa Kitabu kwapani na ufito mkononi, na kila fimbo yake ilikuwa na aya yake. Ukichelewa kuamka, aya. Ukisinzia kwenye sala ya jioni, aya, na damu juu. Siku moja Nyundo, akiwa msichana mdogo, aliuliza mezani: kama Mungu anatuambia tuwapende adui zetu, mbona yeye adui zake aliwazamisha majini? Hakuwa na ubishi, alitaka kujua tu. Baba yake alimpiga ngumi ya mdomo, jino likadondokea kwenye sahani. Alipoinua mkono mara ya pili, kaka yake Nyundo, aliyemzidi miaka michache, akajitupa katikati na kusema swali lile yeye ndiye aliyemfundisha. Basi kilichobaki chote kikamshukia kaka. Alipigwa mpaka akajikojolea, na bado hakuubadili ule uongo wake.

Nyundo hakulisahau jambo hilo. Hata alipokuwa mtu mzima, ukimsema kaka yake vibaya mbele yake ulikuwa umetafuta ugomvi, na ugomvi na Nyundo hakuna aliyeutaka.

Mume alimpatia machimboni humo humo. Alikuwa fundi mwashi, mrefu, mkimya, aliyekuja kuchagua mawe ya msingi mwenyewe badala ya kumtuma kibarua. Kila jiwe aliligonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Nyundo alimwangalia asubuhi nzima, mwisho akamwuliza, "Sasa limekwambiaje hilo?" Fundi akasema, "Limesema tuliache, lina ufa." Nyundo akalipiga nyundo moja tu. Likafunguka pale pale kwenye ufa. Habari yao ilianzia hapo.

Lile kanisa la mawe juu ya kilima alilijenga Fundi, tangu msingi hadi lenta. Lakini mwenyewe hakusali. Zamani, akiwa bado kibarua wa kuchanganya zege, alimwona mdogo wake akiteleza juu ya paa la nyumba ya ibada na kuanguka, na chini walikuwamo watu wanaimba. Waliimba mpaka mwisho wa wimbo ndipo wakatoka kumtazama. Mmoja wao akasema ni mapenzi ya Mungu. Tangu siku hiyo Fundi hakupiga magoti tena. Hakubishana na mtu wala hakumzuia mkewe. Kila Jumapili alimsindikiza mpaka mlangoni, akakaa nje kivulini akimsubiri. Watu wakimwambia, "Ingia basi Fundi, nyumba si umejenga wewe?" aliwajibu, "Kuta nazijua. Waliomo ndani ndio siwajui."

Walipotaka kuoana baba yake Nyundo alikwisha kufa, la sivyo pasingekalika. Mchungaji mzee alikubali kuwafungisha, barazani kwake. Aliwasomea maneno ya yule mtume aliyewaandikia waumini wa mji mmoja wa kale: kwamba mwanamke mwenye mume asiyeamini, ikiwa mume huyo karidhia kukaa naye, asimwache, kwa sababu mume huyo hutakaswa kwa mkewe. Kaka ndiye aliyesimama mahali pa baba, na "amina" yake ilikuwa kubwa kuliko za wote. Miaka ikapita. Walipata watoto wawili, wakawakuza, wakaoa na kuolewa. Fundi na kaka wakawa mashemeji wa kweli, wa kutaniana na kuazimana vifaa na kugombana kidogo juu ya nani hakurudisha pimamaji ya nani.

Kisha mchungaji mzee akapooza upande mmoja wa mwili, akaletwa mhubiri mwingine.

Nisimsingizie. Alikuwa mtu hodari. Alikesha na wafiwa, aliwatoa vijana wengi kwenye pombe, na sauti yake ilikuwa ya kukusimamisha nywele. Kaka wa Nyundo alimpenda kama mtu aliyepata baba upya. Mhubiri huyo alisoma maneno ya mtume yule yule, kwa waumini wa mji ule ule, lakini mahali pengine: kwamba waumini wasifungwe nira moja na wasioamini, kwa kuwa nuru haina shirika na giza, na kwamba watoke kati yao wakajitenge. Wanawake wenye waume kama Fundi wakaanza kutazamana. Mmoja alifungasha akarudi kwao. Mwingine alifungashiwa na wakwe zake.

Siku moja mlevi alisimama dirishani wakati wa ibada akacheka. Vijana wa kanisa wakamfuata nje, wakamvunja taya kwa kopo la kumwagilia maua. Jumapili iliyofuata mhubiri hakuwakemea. Alisoma torati ya kale, ile inayosema kwamba hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja, hata akiwa mwenzi wa kifuani pako, akikushawishi uabudu kingine, usimhurumie wala usimfiche, na mkono wako uwe wa kwanza juu yake. Nyundo alirudi nyumbani siku hiyo, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

"Wamesoma nini leo?" Fundi aliuliza.

"Kitabu."

"Kitabu ni kikubwa."

"Ndiyo," Nyundo akasema. "Ni kikubwa."

Mwaka huo kanisa lilikusudia kuongeza roshani kwa ajili ya kwaya, na kaka akawekwa kusimamia ujenzi. Ili mlango upanuke, waliivunja nguzo moja ya ukuta wa nyuma. Fundi alipita njia, akaona, akaingia. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupita mlango ule tangu alipokabidhi funguo.

"Shemeji," akasema, "nguzo hiyo ndiyo inabeba ukuta. Simamisheni nyingine kwanza."

"Shemeji, hii ni nyumba ya Mungu. Mungu mwenyewe ataishika."

"Mungu hashiki ukuta. Kinachoshika ukuta ni nguzo."

Vibarua walicheka, waumini wawili watatu waliokuwapo wakanuna. Kaka aliona haya mbele yao, akamsukuma shemeji yake kifuani, akamwambia atoke. Fundi akatoka. Maneno yake yalifika kwa mhubiri kabla ya jioni, yakiwa yamekatwa kichwa na miguu: Fundi kasema Mungu hashiki chochote.

Mvua ikanyesha juma zima. Kwaya ilikuwa mazoezini ukuta ulipokuja chini. Haukutoa hata onyo. Ulimwangukia mwimbaji wa sauti ya juu, mwanamke ambaye sote tulimpenda, pamoja na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake. Sisi wa machimboni ndio tulioitwa na mitarimbo yetu kuinua mawe. Nyundo aliinua la mwisho. Chini yake palikuwa na kitambaa cha kubebea mtoto, na ndani ya kitambaa kile sitasema tulikuta nini. Fundi alikuwa kando yake. Aliyatambua mawe yake, moja moja.

Makaburini mhubiri aliuliza kwa sauti ndogo, iliyotisha kuliko ile kubwa: nyumba ya ibada itasimamaje, ikiwa mkono ulioiweka jiwe juu ya jiwe ni mkono usioabudu? Watu wakaguna. Kaka, aliyejua habari ya nguzo kuliko mtu yeyote, alikuwa karibu na shimo akitazama viatu vyake. Angeweza kusema. Palikuwa na kimya cha kutosha mtu kusema. Hakusema.

Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, tuliwaona wakiteremka njia ya machimbo. Walikuwa wengi, wanaume kwa wanawake, wamevaa nguo nzuri kama za ibada, wameshika nondo na mipini ya majembe. Mhubiri alikuwa katikati na Kitabu, kaka mbele. Fundi alikuwa amemletea mkewe maji, amechutama kando ya turubai. Hakukimbia. Nadhani alidhani bado ni maneno.

"Shemeji," kaka akasema, "piga magoti. Utubu, yaishe."

"Nitubu nini? Nguzo nilikwambia mwenyewe."

Kaka akambamiza nondo ya shingo kabla hajamaliza. Nadhani alitaka tu maneno yale yakome. Fundi aliangukia kokoto kwa mikono miwili, akajaribu kusimama, mtu mwingine akampiga mgongoni. Wakampigisha magoti kwa nguvu. Mhubiri akamwambia amwabudu Mungu sasa hivi, mbele ya watu, naye atasamehewa.

Fundi alitema damu. "Nikisujudu kwa kuogopa nondo," akasema, "nitakuwa nimeiabudu nondo."

Basi hapo ndipo walipomrukia. Mpini ulimpata jichoni, nasi tuliokuwa mbali tuliusikia mlio wake, mlio wa majimaji. Nyundo aliruka amkinge, wanawake wanne wakamkamata, wanawake aliokuwa akiimba nao. Wakamkalisha mbele ya jiwe lake bapa. Mhubiri akainua mkono, wote wakatulia, akaanza kusoma ile torati ya kale. Alipofika pale pa mkono wa kwanza, akafunga Kitabu, akamtazama.

"Mama, ni zamu yako. Wewe ndiwe uliyemlaza kifuani."

"Mbona siku ya ndoa yangu nilisomewa kwamba nisimwache?" Nyundo aliuliza. Sauti yake haikuwa ya kushindana. Lilikuwa swali la yule msichana wa mezani. "Aliandika mtume. Imo humo humo ndani."

"Imo," mhubiri akajibu. Alikuwa na jibu tayari, tena hakubabaika. "Imeandikwa, mume akiridhia kuishi nawe kwa amani. Huyu ameiridhia amani? Ametuzikisha mama na mtoto."

Umati ukanguruma. Hata sisi watu wa mawe tulimsikiliza. Alikuwa amesoma, na aliposema ilionekana ndivyo.

Kaka ndipo alipokuja, na wale wanawake wakamwachia Nyundo mikono. Akapiga goti kando ya dada yake, mkono wa kulia kauegemeza juu ya jiwe bapa, wa kushoto ukaweka kipande cha jiwe kwenye kiganja cha Nyundo na kukifumba. Akamnong'oneza. Nyundo aliyarudia maneno hayo kwetu baadaye, mara nyingi.

"Mdogo wangu, rusha. Moja tu, hata pembeni. Usiporusha, wakimaliza naye ni wewe. Siwezi kuwazuia. Nakuomba."

"Kaka, waambie habari ya nguzo."

"Rusha, nakwambia!" Machozi yalikuwa yanamtoka. Akamshika kifundo cha mkono, akauinua kwa nguvu zake mwenyewe ili arushe kwa niaba yake, kama mtu anavyomshika mtoto mkono akimfundisha kuandika.

Nyundo alikuwa na mkono mwingine. Nyundo yake ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote, kando ya paja. Hakupiga kelele wala hakuinua juu sana. Aliishusha kama alivyoishusha maelfu ya mara, kwa ule uzito wa bega, juu ya mkono wa kaka yake uliolala kwenye jiwe. Vidole vilipondeka mpaka nyundo ikagonga jiwe lenyewe. Kaka alifungua mdomo, sauti isitoke. Halafu ikatoka.

Kwa kitambo kifupi hakuna aliyetikisika. Kisha wakachanganyikiwa wote kwa pamoja. Wengine walimwendea Nyundo, wengine wakarudi kwa Fundi kummaliza, nasi tukaingia na mitarimbo. Sijui nilimpiga nani. Najua nilipigwa bega, na mpaka leo mvua ikikaribia linaniambia. Kilichotutenganisha ni dereva wa lori la mawe. Alirudisha lori lake kinyumenyume katikati ya watu huku honi inalia, akanyanyua bodi, akamwaga mzigo wote. Kijana mmoja wa kanisa alifukiwa mpaka kiunoni, akalia akimwita mama yake. Vumbi liliposhuka, wao walikuwa upande ule na sisi upande huu, na Fundi alikuwa upande wetu, bado anapumua.

Polisi walikuja mambo yamepoa. Walimchukua mhubiri, wakauliza nani kaona nini, na ikawa nusu ya mji siku ile ilikuwa imelala mchana. Wakamwachia. Haukupita muda akahamia mji mwingine, na nasikia huko nako kanisa limejaa.

Fundi alitolewa jicho moja hospitali. La pili likabaki linaona mwanga tu, kama mtu aliyefunikwa gunia. Kaka alikatwa mkono wa kulia kwenye kifundo. Walilazwa jengo moja, wodi zinazotazamana, na mama yake Nyundo alikuwa akitoka kwa mwanawe hapiti kwa mkwewe.

Alimkuta bintiye kwenye ngazi. "Umemkata mkono aliyekukingia fimbo," akamwambia.

"Mama, alileta watu wamuue mume wangu."

"Alitangulia mbele yao ili wasikuue wewe!"

Nyundo akashuka ngazi. Aliniambia aliona mama anasema kweli, na yeye pia anasema kweli, na hakujua afanye nini na kweli mbili zinazogombana.

Akaenda kwa mchungaji mzee. Mzee alikuwa kitandani, mdomo umepinda, maneno yanamtoka kwa shida kama maji ya bomba lililoziba. Nilimsindikiza mimi, kwa kuwa njiani kulikuwa bado na watu wa kumtemea mate. Alimwuliza waziwazi: ipi ya kweli, ile ya kutomwacha au ile ya kujitenga?

"Zote," mzee akasema. "Ile ya nira ... ni ya anayetaka kuingia. Ile yako ... ni ya aliyekwisha ingia. Mtume hakujipinga."

"Na ya mkono wa kwanza?"

Mkono mzima wa mzee ulikuwa ukivuta shuka. "Hiyo," akasema, "maisha yangu yote niliipita mbio. Kama nyumba yenye mbwa mkali. Wapo wanaoeleza kwamba ilikuwa sheria ya watu wale, wakati ule. Labda. Mimi sikuwahi kuwaeleza ninyi chochote. Nikawaachia mbwa bila mnyororo."

Nyundo alimtazama, kisha akamwambia jambo ambalo sikulitegemea. "Baba, nilipokwisha kumpiga kaka, nilitaka kupiga tena. Mkono wenyewe ulitaka. Si kwa ajili ya Fundi. Nilitaka tu. Kama si vumbi lile, ningempiga kichwa."

Mzee akaanza kulia, kwa ule upande mmoja wa uso unaoweza. Hakuwa na aya. Nyundo alimfuta mate mdomoni, akamtengenezea mto, tukaondoka.

Hakuacha kusali. Wengi walidhani ataacha, wengine wetu tulitamani aache. Alianza kwenda kwenye kanisa dogo la mabati ng'ambo ya barabara kuu, ambako hajulikani sana, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Sasa yeye ndiye aliyemshika Fundi mkono, akimkalisha nje kwenye benchi. Fundi hakuingia hata mara moja. Akiulizwa kama mkasa ule umembadilisha alisema, "Umenibadilisha uso."

Kazi ya uashi ikawa imekwisha kwake. Akawa anakuja machimboni na mkewe, anachambua kokoto kwa vidole, kubwa huku, ndogo kule, naye akaifanya vizuri kuliko wenye macho.

Kaka alijitenga na watu. Aliacha kanisa, akaacha kunyoa, akawa mlinzi wa mchana kwenye ghala la mbao. Halafu siku moja ya kiangazi, jua la kuchoma, tulimwona anateremka ile njia, peke yake, mkono wa shati la kulia umefungwa fundo. Wote tuliacha kugonga. Mmoja wetu alishika mtarimbo. Nyundo alimwona tangu mbali, akaendelea kuponda, haraka zaidi, vipande vikiruka.

Kaka alisimama mbele ya turubai. Alisema, kwa sauti ya kutusikilizisha sote, "Nguzo niliitoa mimi. Alinikataza, nikaitoa."

Fundi aligeuza uso kuelekea sauti, akakaa hivyo. Kisha akapapasa kando yake, akakuta ndoo tupu, akaipindua kitako juu.

"Kaa, shemeji," akasema. "Jua kali."

Kaka akakaa. Nyundo hakumsalimu, wala siku ile hakumsemesha zaidi ya mara moja tu, bila kumtazama, nyundo ikiwa juu.

"Sogea nyuma," alimwambia. "Vipande vitakuingia machoni."